Kozi ya Akupancha Upanga: Mkono Unafundishwa Vizuri, Kazi Utaitafuta Mwenyewe

Kituo ninachokitathmini hapa kipo Upanga, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Muhimbili, na kwa miaka kadhaa kimekuwa kikitoa akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, pamoja na hijama, masaji ya tiba na ushauri wa lishe kwa wagonjwa wanaolipa taslimu. Sasa kinaendesha pia kozi ya miezi sita ya Jumamosi na Jumapili, ambayo tangazo lake linaahidi kwamba mhitimu ataweza kufungua kliniki yake na kuishi kwa kazi hiyo. Nimeisoma kozi hiyo hadi mwisho huku nikiendelea na ajira yangu ya fiziotherapia katika hospitali moja ya jijini, na kwa kuwa wenzangu kazini wameniuliza mara nyingi kama kozi inastahili ada yake, nimeona niandike kwa kirefu. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa maana ninazo lawama za kutoa, na anayefikiria kujiunga na kozi yoyote ya namna hii mjini atafaidika zaidi akijua maswali ya kuuliza kuliko akijua mlango wa kuukwepa.

Ada ni shilingi 1,800,000 inayolipwa kwa awamu mbili, na ndani yake mwanafunzi hupata kitini, chati ya mwili yenye mistari ya meridiani, yaani njia ambazo tiba ya Kichina huzipanga nukta za kuchoma, na boksi moja la sindano mia. Sindano zinazofuata anajinunulia. Darasa letu lilikuwa na watu ambao kwa kawaida huwakuti mezani pamoja: wauguzi, mpiga hijama wa Magomeni mwenye wateja wake wa siku nyingi, akina dada wanaofanya masaji katika hoteli za Masaki, mwalimu mstaafu wa baiolojia, na vijana waliomaliza kidato cha sita ambao wazazi wao waliambiwa kwamba fani hii haina ushindani. Ninawataja kwa sababu kozi hiyohiyo ilikuwa na thamani tofauti kabisa kwa kila mmoja wao, ilhali kituo kiliwauzia wote ahadi moja.

Nianze na kile ambacho kinastahili kulipiwa, nacho ni mwalimu mkuu. Ni daktari Mtanzania aliyesomea Uchina, mwaka mmoja wa lugha na mitano ya tiba ya jadi ya Kichina, na anafundisha kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona wagonjwa wengi. Sisi tulimwita Daktari. Wagonjwa wazee humwita mwanangu, naye huwaamkia shikamoo kabla hajafungua faili. Katika wiki za mwanzo hakumruhusu yeyote kumchoma mtu. Tulichoma sabuni ya mche, kwa kuwa ugumu wake humlazimisha anayejifunza kusukuma sindano kwa vidole viwili bila kuipinda, kisha tukachoma bonge la pamba lililofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, na baada ya hapo kila mmoja akajichoma mguu wake mwenyewe kwenye Zusanli, nukta iliyo upana wa vidole vinne chini ya goti, pembeni kidogo ya mfupa wa muundi.

Kwa asiyeijua, sindano ya akupancha haina tundu na haipitishi dawa yoyote. Ile tuliyoitumia zaidi ina unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 40, na huingizwa kupitia kijimrija cha plastiki ambacho mtaalamu hukishikilia juu ya ngozi huku akigonga kichwa cha sindano mara moja kwa ncha ya kidole. Mgonjwa aliyezoea sindano ya kwinini hushangaa kwamba hajasikia kitu. Kinachofuata ndicho kigumu kujifunza: kuisukuma taratibu hadi mgonjwa aseme kwamba anahisi uzito, ganzi nyepesi au mvuto unaotambaa, hali ambayo Wachina huiita de qi, na kuisimamisha hapo. Hakuna kitini kinachoweza kufundisha jambo hilo, na mimi niliyesomea mwili wa binadamu Moshi kwa miaka mitatu nilikuta vidole vyangu vinaanza darasa la kwanza pamoja na wale wa kidato cha sita.

Jambo jingine lililonipendeza ni hesabu. Pembeni ya kila kitanda kuna karatasi yenye safu mbili na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Ukimaliza kuchoma unaandika idadi ya sindano zilizoingia, na ukimaliza kuchomoa unaandika zilizotoka, kisha mtu mwingine anasaini. Jioni moja umeme ulikatika wakati mgonjwa wa mwisho anajiandaa kuondoka, karatasi ikasema kumi na nne, trei ikawa na kumi na tatu. Mgonjwa alisema ana haraka, mhudumu wa mapokezi akasema huenda aliyeandika amekosea, Daktari akasema hakuna atakayetoka. Ilipatikana kwa mwanga wa simu, ndani ya nywele zilizosukwa, nyuma ya sikio, pale ambapo vidole vilipita mara mbili bila kuigusa. Baada ya hapo hakuna aliyelalamika tena kuhusu karatasi.

Usalama ulifundishwa kwa kina namna hiyo wakati wote. Sindano ni ya mgonjwa mmoja na mara moja, na inaishia katika boksi la vitu vyenye ncha kali, jambo ambalo katika mji wenye homa ya ini na virusi vya UKIMWI halihitaji mjadala. Tulifundishwa kwamba nukta ya Jianjing, iliyo juu ya bega pale ambapo wengi wetu hubeba uchovu wa siku nzima, ipo karibu na kilele cha pafu, na kwamba sindano iliyozama pale kwa pembe mbaya inaweza kulitoboa pafu na kuingiza hewa kifuani. Tulifundishwa kuuliza kuhusu ujauzito kabla ya kugusa Hegu iliyo mkononi au Sanyinjiao iliyo juu ya kifundo cha mguu, kuuliza kuhusu dawa za kuyeyusha damu, na kumlaza badala ya kumkalisha mgonjwa anayechomwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa wapo wanaozimia. Suala la kuzimia lina sura yake hapa Dar es Salaam. Mwezi wa Ramadhani kituo huwahamishia wagonjwa waliofunga kwenye vipindi vya usiku baada ya futari, kwa sababu tumbo tupu, joto la saa tisa alasiri na hofu ya sindano havipatani. Sijaona utaratibu huo ukiandikwa katika miongozo ya nje, lakini ni wa busara.

Kuhusu tiba inayomtazama mtu mzima, na si kiungo kinachouma peke yake, mfano bora nilioupata haukuwa katika somo lolote. Alikuja mama mmoja, fundi cherehani wa Ilala, goti la kulia limevimba kidogo na amekwisha kupita hospitali mbili akapewa dawa za maumivu.

"Shikamoo mama. Goti linauma wapi?"

"Marahaba mwanangu. Lote."

"Nionyeshe unavyokanyaga mashine."

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kukanyaga pedali isiyokuwepo, na sote tukaona kwamba goti lake lilikuwa juu kuliko nyonga, kwa sababu stuli anayoikalia ni fupi mno. Daktari alimchoma sindano sita kuzunguka goti na chini yake, akamwacha apumzike kama dakika ishirini na tano, akamuuliza habari za usingizi, za chai anayokunywa usiku ili amalize oda za harusi, na za nani anayembebea ndoo za maji, kisha akamwambia atafute stuli ndefu zaidi au aweke mto mgumu. Alipata nafuu ya kweli ndani ya wiki chache. Siku moja akasema hajui kama ni sindano au ni stuli, na Daktari akamjibu, "Mimi pia sijui mama, endelea na vyote viwili." Laiti kozi nzima ingefundishwa kwa ukweli wa jibu hilo.

Kwa bahati mbaya haikuwa hivyo, kwa maana vipindi vya nadharia hufundishwa na mtu mwingine, ambaye alituonyesha orodha ya magonjwa ishirini na nane yaliyodaiwa kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa yanatibika kwa akupancha. Orodha hiyo ipo kweli, ilichapishwa mwaka 2003, na imekosolewa sana na watafiti kwa kuwa iliegemea majaribio mengi yasiyo na udhibiti mzuri. Mwalimu wa nadharia hakulisema hilo, na alipoulizwa na muuguzi mmoja kuhusu presha na kisukari alijibu kana kwamba dawa za hospitali ni za kusubirishia tu. Hapo ndipo nilipoanza kuhofia wenzangu wa kidato cha sita, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kulinganisha.

Ukweli wa kisayansi kuhusu sindano hizi ni wa kuvutia vya kutosha bila kuupaka rangi. Katika jaribio kubwa la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, walioitikia matibabu walikuwa asilimia 47.6 kati ya waliochomwa kwa kufuata nukta za Kichina, asilimia 44.2 kati ya waliochomwa juujuu mahali pasipo na nukta, na asilimia 27.4 tu kati ya waliopata dawa, mazoezi na matibabu ya kawaida. Mtu anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima aweze kuzitazama takwimu hizo bila kukwepesha macho: kuchomwa kulisaidia zaidi ya matibabu ya kawaida, lakini mahali hasa pa kuchoma palileta tofauti ndogo. Uingereza imeonyesha kusitasita huko waziwazi, kwa kuwa mwongozo wake wa taifa wa mwaka 2016 ulikataa akupancha kwa maumivu ya mgongo, na ule wa mwaka 2021 ukaikubali kama mojawapo ya njia za kufikiriwa kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoeleweka. Kwa kichefuchefu baada ya upasuaji au baada ya dawa za saratani, jopo la taasisi za afya za Marekani lilikwisha kuikubali tangu mwaka 1997. Hiki ndicho kiwanja ambacho mtaalamu mwaminifu anaweza kusimama juu yake: maumivu sugu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu. Malaria haimo, wala sukari, wala uvimbe.

Nikiwa kwenye malaria, niseme neno kuhusu moksa, yaani majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi ili kuipasha joto nukta. Majani hayo ni ya jamii moja na pakanga, mmea uliompa mtafiti wa Kichina Tu Youyou artemisinini na hatimaye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015, na ambao ndio asili ya sehemu moja ya dawa mseto tunayoinunua duka la dawa. Kituo kinaifundisha moksa vizuri, ingawa moshi wake katika chumba chenye feni moja na madirisha yanayotazama barabara ni adhabu kwa walio na pumu, na majirani wa ghorofa ya juu wamekwisha kulalamika. Atakayefungua kliniki katika jengo la kupanga atafakari hilo kabla hajanunua boksi zima.

Masomo mengine yanayokamilisha jina la afya ya mwili mzima ni mepesi mno. Lishe ilipewa siku mbili, masaji ikapewa tatu, na hijama ikafundishwa na mwanafunzi mwenzetu wa Magomeni, bila malipo, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba anaijua kuliko mkufunzi aliyepangwa. Ushauri wa usingizi na msongo wa mawazo ulikuwa hotuba ya alasiri moja. Kibaya zaidi, kuanzia mwezi wa nne kila Jumapili ilianza na maelezo kuhusu virutubisho vya makopo ambavyo kituo huviuza, na tukahimizwa kujiandikisha kama wasambazaji ili tupate asilimia yetu. Sioni ubaya wa mtu kufanya biashara, lakini anayemwambia mgonjwa anunue kopo la shilingi 90,000 wakati yeye mwenyewe anapata fungu humo ameshaharibu ushauri wake, na mwanafunzi anayefundishwa kazi na kamisheni kwa pamoja atashindwa kuvitenganisha baadaye. Nililisema hili ofisini, nikajibiwa kwa adabu kwamba ushiriki ni wa hiari. Kweli ulikuwa wa hiari, ila muda wa darasa uliotumika tulikuwa tumeulipia.

Sasa niingie kwenye ahadi yenyewe ya kazi. Ratiba ya kozi inaonyesha jumla ya saa 160. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu mafunzo na usalama wa akupancha unamtaka mtu asiyekuwa daktari, anayetaka kuwa mtaalamu kamili wa sindano, asome saa 2,500, na hata daktari wa hospitali anayetaka kuitumia kwa kiasi katika kazi yake apate saa zisizopungua 200. Nchini Marekani programu ya akupancha inayotambuliwa ina saa zisizopungua 1,905, na katika majimbo mengi mhitimu hufanya mitihani ya kitaifa kabla ya kupewa leseni. Uchina, kama alivyofanya mwalimu wetu, ni shahada ya miaka mitano. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, saa 160 ni utangulizi. Si aibu kuwa utangulizi, na utangulizi huu katika mikono ya Daktari ni mzuri. Aibu ni kuuandika kwenye bango kama safari nzima, na kuwaacha vijana waanze kuitana madokta kabla ya miezi sita haijaisha.

Upande wa sheria ulipita kama upepo. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya wizara inayohusika na afya, na ni Baraza hilo linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Cheti cha kozi hakimfanyi mtu kuwa amesajiliwa, jambo ambalo darasani lilielezwa kwa sentensi moja, dakika chache kabla ya kupiga picha za kuhitimu. Hakuna aliyetueleza kwamba mahali pa kuanzia ni kwa mratibu wa tiba asili katika halmashauri ya mtu, kwamba usajili wa mtoa huduma na usajili wa kituo ni mambo mawili, au kwamba vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hivyo sindano za kuletewa kwenye begi na rafiki anayesafiri kwenda Guangzhou si njia ya kuanzia kazi. Haya niliyapata kwa kuuliza huku na kule. Kozi inayoahidi kumfungulia mtu kliniki ilipaswa kuyafundisha katika wiki ya kwanza, maana kuna mwenzetu aliyekwisha kulipia fremu kabla hajajua hata fomu zinapatikana wapi.

Kuhusu fedha, Daktari alikuwa muwazi kuliko ofisi yake. Kituo hutoza shilingi 30,000 kwa kipindi kimoja, na kwa maumivu sugu huwa anapendekeza vipindi sita hadi kumi, kimoja au viwili kwa wiki. Hesabu hiyo inapendeza ukiiandika ubaoni. Mgonjwa wa Mbagala, hata hivyo, anaongeza nauli ya kwenda na kurudi, anapoteza nusu siku ya biashara, na akisikia nafuu baada ya kipindi cha tatu haoni sababu ya kurudi kwa cha nne. Asiposikia nafuu haoni sababu ya kurudi kabisa. Wengi kati ya niliowaona huishia hapo kwenye cha tatu. Mwenye nyumba kwa upande wake anataka kodi ya miezi sita mbele, umeme unataka Luku, na mhudumu wa mapokezi anataka mshahara hata wiki ambayo mvua za masika zimefunga barabara ya Jangwani na hakuna aliyekuja. Daktari alituambia kwamba anahitaji wagonjwa wanne kila siku ya kazi kabla hajajilipa yeye mwenyewe chochote, na kwamba ilimchukua miaka mitatu kuwafikisha, ambapo muda wote huo aliishi kwa kazi ya zamu katika zahanati ya mtu mwingine. Ningependa maneno hayo yabandikwe pale mapokezini, juu ya mashine ya chai ya tangawizi.

Wateja wapo, hilo halina ubishi. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, kwa hiyo sindano zao si jambo geni kwa wazee wa mji huu, na hijama imewazoesha vijana wazo la kwenda kutibiwa maumivu bila kidonge. Bodaboda wenye migongo iliyokufa ganzi, wahasibu wa Posta wenye shingo ngumu, mama lishe wanaosimama tangu alfajiri, wote hao ni watu wa kazi hii. Wanachokikosa ni uwezo wa kulipia vipindi kumi mfululizo, na kozi haikugusa hata kidogo namna ya kupanga bei ya vipindi vifupi, au ya kufanya kazi ndani ya hospitali na zahanati ambako mgonjwa tayari yupo. Mimi binafsi ndiko ninakoielekeza. Ninaitumia sindano kama kiungo cha fiziotherapia, chini ya daktari bingwa aliyekubali nijaribu kwa wagonjwa wachache wa mgongo, na huku nikiendelea kutafuta mafunzo marefu zaidi.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza hutegemea anayeuliza. Muuguzi, mtabibu au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye ajira atapata humu mikono iliyofunzwa vizuri na mazoea ya usalama ambayo yatamfaa hata asipochoma sindano tena, na ada itajirudisha. Mpiga hijama au mfanya masaji mwenye wateja wake atapata usafi, kumbukumbu na ujasiri wa kumpeleka hospitali mgonjwa asiye wake. Yule mwenzetu wa Magomeni tayari ameweka karatasi ya hesabu katika chumba chake, anahesabu vikombe na viwembe, na anasema wateja wanaipenda kuliko alivyotarajia. Kijana wa kidato cha sita asiye na taaluma nyingine ya afya ningemshauri mzazi wake aiweke fedha hiyo kwenye stashahada ya uuguzi, utabibu au fiziotherapia, na sindano zije baadaye. Mmoja wa vijana wale sasa anapokea simu pale kituoni, kazi ambayo haikuhitaji kozi.

Anayeamua kujiunga aombe mambo matatu kwa maandishi kabla ya kulipa: idadi ya saa za kukaa na wagonjwa chini ya Daktari mwenyewe, kwa kuwa siku mbili za kliniki zilifutwa katika muhula wetu bila kufidiwa, uthibitisho wa usajili wa kituo na wa kila anayefundisha, na ruhusa ya kutohudhuria maelezo ya virutubisho bila kuhesabiwa mtoro. Vipindi huanza saa tatu asubuhi na huchelewa kwa nusu saa. Awamu ya pili ya ada hudaiwa mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na risiti ya EFD hutolewa, lakini ni mpaka uiombe.